Noti Isiyokuwepo Kwenye Kinanda: kisa cha wimbo mmoja wa wawili wa Mjini Unguja

Wimbo ulikuwa tayari kwa kila mtu isipokuwa wawili walioutunga. Mashairi yametimia, besi inatembea, kiki, lile pigo zito la ngoma ya mguu, inagonga mapigo 112 kwa dakika, na marafiki waliosikilizishwa kwenye simu walikuwa na neno moja tu: umeiva, utoeni. Lakini kila walipokaa wawili kuusikiliza, ukifika ubeti wa pili dada anakunja uso na kaka anabonyeza kusimamisha. Hakuna aliyeweza kusema kilichoharibika ni nini. Ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, ikipigwa peke yake ni tamu, sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme, peke yake ni tamu, zikikutana zinagombana.

Majina yao nayaacha, kwa kuwa wimbo wenyewe bado haujatoka. Dada anaimba na kupiga ganuni. Amekulia kwenye nyumba ya taarab, ambako mazoezi ya kikundi yalikuwa yakifanyika ukumbini na watoto wakilala kwa sauti ya fidla. Kaka alianza kwa kutengeneza biti za Zenji fleva, muziki wa kizazi kipya wa Zanzibar, kwenye kompyuta ya kuazima, na mpaka leo studio yake ni chumba cha kulala kwenye maghorofa ya Michenzani, dirisha limezibwa kwa godoro. Wanarikodi baada ya Isha, mtaa ukishatulia, maana mchana vespa na honi za daladala zinaingia zote kwenye maiki. Muziki wao wanauita elektropop, yaani pop ya vinanda vya umeme, kwa kukosa jina jengine la haraka.

Nilipewa wimbo niusikilize kama mtu wa masikio ya nje. Kabla ya kuusikiliza niliomba kitu chengine: kila mmoja aniandikie nyimbo anazozipenda kuliko zote, zile alizokuwa nazo kichwani walipokuwa wakitunga. Si kwa ajili ya kujua ladha zao. Msanii ukimuuliza anafanya nini atakwambia anachotaka ufikiri anafanya. Orodha ya nyimbo anazozirudia usiku ni shahidi mkweli zaidi.

Orodha ya dada ilianza na Enta Omri, aliouimba Umm Kulthum wa Misri mwaka 1964 kwa mahadhi ya Mohammed Abdel Wahab. Ukafuata Muhogo wa Jang'ombe kama alivyokuwa akiuimba Bi Kidude. Kaka aliandika I Feel Love wa Donna Summer wa mwaka 1977, halafu albamu nzima ya Upstairs at Eric's ya Yazoo, ya 1982, halafu akaongeza singeli za Dar es Salaam bila kutaja wimbo, "kwa ajili ya spidi tu, Maalim".

Kwa mtazamo wa haraka orodha hizi hazina pa kukutania. Mmoja yuko Cairo na Ng'ambo ya Unguja, mwengine yuko Munich ya I Feel Love na Essex ya Yazoo na Mburahati ya singeli. Wenyewe walikuwa wameshaamua kwamba tatizo ndilo hilo: wanapenda vitu visivyopatana, kwa hiyo wimbo umepasuka katikati. Walikuwa karibu kuukata, nusu iwe ya kwake na nusu ya mwenzake, kama nyumba ya mirathi.

Mimi naona orodha zilikuwa zinapatana kupita kiasi, na jibu lilikuwa ndani yake. Nitaeleza, lakini inabidi kwanza tuingie kwenye noti.

Wimbo uko katika Rasti, mojawapo ya maqamu, yaani mipangilio ya noti ambayo taarab imeirithi kwa Waarabu. Dada hakuichagua kwa kukaa na kupanga. Anasema mahadhi yalimjia hivyo, na hilo si la kushangaza kwa mtu wa hapa. Sasa, Rasti ikianzia Do, noti yake ya tatu si Mi ya kinanda wala si Mi iliyoshushwa nusu toni. Imekaa katikati ya hizo mbili. Kwenye ganuni haina shida: kuna vijiti vidogo vya chuma pembeni ya nyuzi, orab, unaviinua au kuvilaza mpaka noti ikae pale sikio linapotaka. Kwenye kinanda cha kompyuta oktavu imegawiwa vipande 12 vilivyo sawa. Ukihesabu kwa senti, ambazo ni 1200 kwa oktavu, kinanda kinakupa noti kwenye 300 na nyengine kwenye 400. Mi ya Rasti inaishi karibu na 350. Hapo kinanda hakina kitu.

Na kaka, kwa mazoea ya pop, alikuwa ametandika kodi chini ya kila mstari, yaani noti tatu au nne zinazopigwa kwa pamoja. Noti ya tatu ndani ya kodi ndiyo inayoamua kama kodi inacheka au inalia. Kwa hiyo kila dada alipofika kwenye Mi yake, chini kulikuwa na sinthesaiza nane zilizopangana zikishikilia Mi nyengine kwa nguvu zote. Huko ndiko kukunja uso kulikotoka. Ubeti wa kwanza ulisalimika kwa sababu mahadhi yake yanazunguka Do, Re na Sol na yanaigusa Mi kwa kupita. Ubeti wa pili unasimama juu ya Mi na kukaa.

Kabla hawajafika kwangu walikuwa wameshapeleka wimbo kwenye studio moja mjini ili sauti isafishwe. Fundi akawasha programu ya kunyoosha sauti, ya aina ile iliyoanza na Auto-Tune mwaka 1997. Programu hiyo ikiachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida huivuta kila noti kwenye noti ya kinanda iliyo karibu. Noti iliyo katikati kabisa haina iliyo karibu zaidi: sauti ikipanda kidogo inavutwa juu, ikishuka kidogo inavutwa chini. Matokeo yake dada alisikika kama anatetemeka, mara kacheka mara kalia ndani ya silabi moja. Fundi akamwambia ajifunze kushika noti. Dada alikuwa ameishika barabara, na ile mashine ndiyo haikuwa na pa kuiweka. Naliandika hili kwa kirefu kidogo kwa sababu nawajua waimbaji wa hapa, hasa wasichana waliojifunza kuimba kwa kusikiliza wakubwa wao, waliotoka studio wakiamini sauti zao ni mbovu.

Baada ya hapo kaka akajaribu njia ya hesabu, nayo inastahili heshima. Kwenye MIDI, lugha ya vinanda na kompyuta iliyoanza kutumika 1983, gurudumu la kukunja sauti lina hatua 16384, na katikati yake ni 8192. Likiwekwa lipande na kushuka toni moja nzima kila upande, kushusha robo toni ni kuondoa hatua 2048. Akaandika namba hiyo kila penye Mi. Kikwazo cha kwanza: gurudumu linakunja noti zote za chaneli moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo Do na Sol zilishuka pamoja na Mi. Akazitenga, Mi ikapewa chaneli yake. Siku hizi kuna njia fupi zaidi, programu ya muziki ya Ableton Live 12 iliyotoka 2024 inakuruhusu kuingiza mfumo mzima wa tuni, na vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Waarabu vina vibonyezo vya robo toni tangu zamani. Yeye programu yake ni ya zamani, akafanya kwa mkono.

Ilikuwa sahihi. Na ilikuwa imekufa.

Sababu ni kwamba Mi ya Rasti haikai sehemu moja. Mwimbaji akipanda kuelekea Fa huipandisha chembe. Akishuka kurudi Do huilegeza. Hakuna anayemfundisha kwa namba, anasikia kwa waliomtangulia. Sinthesaiza iliyogandishwa kwenye 350 ilikuwa inapishana naye kwa senti chache kila mara, na senti chache kwenye noti ndefu zinasikika vibaya kuliko kosa kubwa: kosa kubwa sikio linalisamehe kama makusudi.

Kulikuwa na njia nyengine ambayo hawakuifikiria, na hapa ndipo nilipowarudisha kwenye orodha zao. Dada alikuwa anautaja Enta Omri kama ruhusa: tazama, Umm Kulthum mwenyewe alikubali gitaa la umeme mbele ya okestra yake, kwa nini mie nisiweke sinthesaiza? Hoja nzuri, na ni kweli gitaa limo. Ila wimbo ule umejengwa juu ya maqamu ya Kurdi, na Kurdi haina robo toni ndani yake. Gitaa lenye vizuizi vya chuma shingoni linaweza kuipiga bila kugombana na mtu. Abdel Wahab hakumwingiza mgeni nyumbani kiholela. Alimchagulia chumba ambacho mgeni ataweza kukaa.

Basi wangeweza kuhamisha wimbo kwenda Kurdi, au Nahawandi, au Ajami, maqamu zisizo na robo toni, na ugomvi ungekwisha siku ile ile. Dada alijaribu kuuimba kwa Nahawandi mbele yangu. Ukawa wimbo mwengine, wa huzuni, nao hakuutaka. Shairi lake ni la mtu anayemngoja msafiri akiwa na uhakika wa kurudi kwake:

Bahari imetulia, haya tweka letu tanga
Taa nimekuwashia, usiyumbe ukatanga
Giza likikuingia, moyo wangu ndio mwanga

Mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimetulia, beti za mistari mitatu kama ilivyo kawaida ya taarab. Maneno haya ukiyavisha huzuni yanageuka ya mtu anayejidanganya. Kaka, ambaye hajali sana mashairi, ndiye aliyesema kwanza, "Hapana dada, hapo umemzamisha huyo baharia." Nahawandi ikaachwa.

Ikabaki kuuliza swali ambalo kwa maoni yangu msanii anapaswa kuliuliza juu ya kila wimbo anaoupenda: ndani yake hamna nini? Walikuwa wamezisikiliza zile nyimbo kwa kutafuta saundi. Kaka alitaka besi ya I Feel Love, dada alitaka nyuzi za Cairo. Nikawaambia wazisikilize tena kwa kutafuta kilichokosekana.

I Feel Love ulitengenezwa na Giorgio Moroder na Pete Bellotte kwa sinthesaiza ya Moog, kila kitu isipokuwa sauti ya Donna Summer na kiki, ambayo ilipigwa na mpigaji ngoma kwa mguu wake. Besi yake inasikika ya haraka kwa sababu kila noti inarudishwa na mwangwi, noti upande mmoja wa spika na mwangwi wake upande wa pili. Kinachobeba wimbo ni besi hiyo na sauti ya mwimbaji inayoelea juu. Kodi zimekaa nyuma kabisa. Yazoo nao walikuwa wawili, Vince Clarke na Alison Moyet, na sehemu kubwa ya nguvu yao ni kwamba Clarke aliacha nafasi tupu kuizunguka sauti ile nzito. Sasa geukia upande wa dada. Taarab ya asili ya hapa haijengwi kwa kodi. Fidla, udi, ganuni, nai, akodiani, wote wanafuata mahadhi yale yale, kila mmoja akiyapamba kwa mkono wake, na dumbak na rika, yaani ngoma ndogo na tari, vinashika mapigo. Bi Kidude akiimba, chini yake kulikuwa na mahadhi na ngoma. Hakuna mtu aliyekuwa akimwambia noti ya tatu iwe ipi.

Kwa hiyo nyimbo zote walizozipenda, za Ulaya na za hapa, zilikuwa zinategemea kitu kimoja: mahadhi juu, mapigo chini, na katikati uwazi. Wao ndio walioujaza uwazi huo, kwa sababu programu ya kompyuta inakupa kodi kwa kidole kimoja na kimya chumbani Michenzani kinatisha.

Kaka akafuta noti ya tatu kwenye kila kodi. Zikabaki Do na Sol, noti mbili ambazo Rasti na kinanda hawagombani juu yake kwa lolote linalosikika. Mi yote ikaachiwa koo la dada na nyuzi za ganuni. Ubeti wa pili ukasimama. Sikusikia tofauti kubwa kiasi hicho kwa kufuta kitu kwa muda mrefu, na ninasema hivyo nikijua kwamba wapo watakaosema wimbo sasa hauna "utajiri". Utajiri wenyewe ulikuwa unamziba mwimbaji.

Mapigo yalikuwa kazi ndogo kuliko walivyoogopa. Dada alitaka mwendo wa kidumbak, taarab ya mitaani ya ngoma ndogo, wenye kugawika kwa tatu tatu. Kaka alitaka kiki ya nne kwa nne ya disko. Hivyo viwili vinakaa pamoja bila taabu, kwa sababu kila pigo la kiki linaweza kubeba matatu madogo ndani yake. Kiki ikabaki pale pale, mkwasa na cherewa, yaani vijiti na manyanga, vikarikodiwa kwa mkono na kukaa ndani ya matatu. Singeli ilijiondoa yenyewe: mwendo wake unapita mapigo 200 kwa dakika na shairi la mizani kumi na sita halitamkiki hapo.

Lililowasumbua zaidi ni hali ya hewa, jambo ambalo vijana wanaojifunza kwa video za Ulaya hawaambiwi. Ganuni ina nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kwa kila noti, na daraja lake limekalia vipande vya ngozi. Masika ikiingia ngozi inalegea na nyuzi zote zinashuka, wala hazishuki sawasawa. Sinthesaiza haijui masika. Walikuwa wamerikodi ubeti wa kwanza wakati wa kiangazi na kiitikio wakati wa mvua, na sehemu ya ule ugomvi wa mwanzo ilikuwa hiyo tu. Wamekubaliana sasa kwamba ganuni inatuniwa kwa Do ya kompyuta kila kabla ya kurikodi na wimbo mmoja unamalizwa usiku mmoja. Umeme ukikatika, wanaanza upya kesho yake kutoka mwanzo. Ni sheria kali, na wameshaivunja.

Mahali ambapo sikubaliani nao ni waitikiaji. Kiitikio kimeimbwa na dada peke yake, sauti yake ikarudufiwa kwa kompyuta mpaka ikawa kama watu sita. Watu sita wa kweli kila mmoja angekuwa na Mi yake, zingesuguana, na msuguano huo ndio unaomfanya mtu ukumbini ainuke kwenda kutunza. Sita waliotoka kwenye koo moja wanafanana mno. Nimewaambia waende kwa shangazi za dada, chumba kimejaa waimbaji pale. Kaka anasema hana maiki za kutosha. Maiki moja katikati ya chumba inatosha; Siti binti Saad na wenzake waliporikodi santuri Bombay mwaka 1928 hawakuwekewa maiki kila mmoja.

Nataja santuri pia kwa ajili ya wazee wawili watatu waliousikia wimbo na kusema umeme umeitia taarab najisi. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, ndiye aliyempeleka mwanamuziki Mohammed bin Ibrahim Cairo akajifunze ganuni. Hiyo ganuni tunayoiita ya asili ilikuja na meli. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa cha 1905 kilijifunza kwa waliokwenda nje, fidla na akodiani ni za Wazungu, na rusha roho, taarab ya kisasa, ilipoingia na vinanda vyake watu walicheza mpaka alfajiri. Hoja ya wazee ingekuwa na nguvu kama wangesema umeme unaifuta ile Mi. Hapo ningesimama upande wao.

Sasa wanataka kuomba nafasi Sauti za Busara, tamasha la muziki la hapa Unguja, na tamasha hilo linataka muziki upigwe laivu. Swali limekuwa nini kipigwe na nani. Kaka alipendekeza dada na mpiga dumbak wavae hedifoni zenye mdundo wa kompyuta ili wasipotee. Dada amekataa kata kata: hawezi kuisikia Mi yake huku kitu kinagonga sikioni. Walipofikia ni hapa: mwanzo wa wimbo, ambapo ganuni inacheza peke yake bila mapigo, kompyuta inanyamaza kabisa. Dada atacheza kadiri atakavyojisikia, dakika moja au nne. Akirudi Do kwa kishindo, kaka anakanyaga pedali na besi inaingia. Mpiga dumbak peke yake ndiye atakayevaa hedifoni, na dada atamfuata yeye. Pedali bado hawajanunua. Kwa sasa mazoezini kaka anabonyeza kwa kidole cha gumba, na mara nyengine anachelewa.